Jinsi ya kukaa likizo ya ufukweni Agia Anna, kijiji cha kisiwa cha Naxos

Wengi wakipata wiki moja ya kwenda visiwa vya Ugiriki huikata vipandevipande: siku mbili Mykonos, mbili Santorini, mbili kwingine. Nusu ya likizo inaishia bandarini, watu wamesimama juani na masanduku yao wakisubiri meli. Mwongozo huu unakushauri ufanye kinyume: chagua kijiji kimoja, panga chumba kimoja, ukae hapo hapo mpaka muuza mkate akuzoee.

Kijiji chenyewe ni Agia Anna, pwani ya magharibi ya Naxos, kilomita sita au saba hivi kusini mwa mji mkuu wa kisiwa ambao wenyeji huuita Chora. Zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi, na bado kina gati dogo la mashua na kikanisa cheupe pembeni mwa maji. Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades. Kina mlima Zas unaopita mita 1,000, mabonde ya mashamba, mbuzi na kondoo, viazi vinavyosifika Ugiriki nzima, na jibini la graviera linalotengenezwa hukohuko. Kwa hiyo si kisiwa kinachoishi kwa wageni peke yao, na mgeni ananufaika na jambo hilo kila anapokaa mezani.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuuangalia upepo

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tukipanga kuogelea tunauliza kwanza maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Naxos swali hilo liache. Bahari ya Aegean haina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi; maji ya asubuhi na ya jioni yako karibu mahali palepale. Kinachoamua siku yako huko ni upepo.

Upepo wa kiangazi unaitwa meltemi. Unatoka kaskazini, mkavu, na huvuma chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja. Julai na Agosti ndiyo miezi yake mikali. Mara nyingi huanza kushika kasi asubuhi ikisogea, ukafika kilele mchana, kisha ukalegea jioni. Lakini ukikaza unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana. Una udugu na kusi yetu: kanieneo ndogo ya hewa (mgandamizo mdogo) inayotanda juu ya Asia wakati wa kiangazi ndiyo inayovuta kusi kwenda kaskazini katika Bahari ya Hindi, na mkono wake wa magharibi, ulio juu ya Uturuki, husaidia kuuvuta meltemi kwenda kusini.

Kwa hiyo nenda Juni, au Septemba. Juni mchana ni mrefu ajabu, vilima bado vina majani mabichi kidogo, na vyumba vipo. Maji huwa nyuzi 21 au 22, na mtu aliyezoea Bahari ya Hindi atashtuka akiingia. Jitose kwa mkupuo, mwili utazoea. Septemba maji yameshapata joto, nyuzi 24 hivi, na familia za Ulaya zimerudisha watoto shule. Kama huna budi kwenda Agosti, epuka siku zinazozunguka tarehe 15. Ni sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwao, meli zinajaa na bei za vyumba zinapaa. Isipokuwa kama sherehe ndiyo unayoifuata: kijiji cha Filoti, mlimani, husherehekea siku hizo kwa muziki na ngoma hadi alfajiri, na mgeni hafukuzwi.

Jambo moja litakurahisishia mambo: kiangazi saa ya Ugiriki ni sawasawa na ya Nairobi na Dar es Salaam. Ila jua lenyewe ni jingine. Mwishoni mwa Juni huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, kwa hiyo wanaoswali wajue Magharibi iko huko, na Isha inachelewa mno.

Hatua ya 2: Viza, mapema

Ugiriki iko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Usiisogelee hiyo siku ya 15 hata kidogo, hasa kama unasafiri kiangazi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni yuro 45, aliye chini ya hapo halipi. Bima ya safari lazima iwe ya kiwango kisichopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Schengen.

Kwa walioko Kenya, ubalozi wa Ugiriki upo Nairobi. Mnaoishi Oman na nchi za Ghuba ombeni huko mnakoishi, mkiwa na kibali chenu cha ukaazi. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Uswidi, haombi viza nyingine. Kibali cha Uingereza hakikuruhusu kuingia, hata kama umekaa London miaka mingi. Hapa watu wengi hukwama uwanjani, kwa hiyo litazame vizuri.

Ukijaza barua ya maelezo, sema wazi kwamba utakaa kijiji kimoja, uweke na uthibitisho wa chumba. Safari yenye anwani moja inaeleweka haraka kuliko yenye hoteli nne.

Hatua ya 3: Tafuta chumba, siyo hoteli

Malazi ya kawaida ya vijiji hivi ni vyumba vya kupanga vya familia: jengo jeupe la ghorofa moja au mbili, kibaraza, jiko dogo lenye sahani mbili za moto, friji, na mwenye nyumba anayekaa hapohapo chini. Kibao cha Kigiriki kitasema ΔΩΜΑΤΙΑ, yaani vyumba. Hivi ndivyo ninavyovipendelea kuliko hoteli yenye bwawa, kwa sababu mama mwenye nyumba ndiye atakayekwambia leo samaki wameingia wapi na kesho upepo utakuwaje.

Kabla ya kulipa, uliza haya: ni dakika ngapi kwa miguu hadi mchangani? Kibaraza kinatazama upande gani? (Cha kaskazini kitapigwa na upepo Julai nzima.) Kiyoyozi kimo kwenye bei? Kuna ngazi ngapi, kama unasafiri na mzee? Je, mnakuja kupokea wageni bandarini? Wengi huja bure, ukiwaambia jina la meli na saa.

Nyumba halali ina namba ya usajili wa serikali, na tangazo lake kwenye tovuti za kupangisha hutakiwa kuionyesha. Mtu anayekutaka utume pesa zote moja kwa moja na hana namba yoyote ya kukuonyesha, achana naye.

Juu ya bei ya chumba kuna tozo ya serikali ya kukabili mabadiliko ya tabianchi, iliyoanza 2024. Hulipwa kwa kila chumba kila usiku, na mara nyingi hudaiwa ukishafika. Kwa hoteli, viwango vya 2025 kuanzia Aprili hadi Oktoba vilikuwa yuro 2 hadi 15 kulingana na nyota. Nyumba za kupangisha za muda mfupi yuro 8. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Kutoka Athens hadi kijijini

Kutoka Afrika Mashariki utaunganisha ndege kwa mfano Addis Ababa, Istanbul au Doha, kisha Athens. Kuna ndege ndogo za kwenda Naxos, ila mimi nitakushauri meli, maana meli yenyewe ni sehemu ya likizo.

Uwanjani panda treni ya chini ya ardhi, njia ya buluu. Tangu Oktoba 2022 inakwenda moja kwa moja hadi bandari ya Piraeus, mwendo wa saa moja hivi, tiketi yuro 9. Bandari ni kubwa mno na malango yake yana herufi E na namba. Soma lango lako kwenye tiketi kabla hujatoka stesheni, kwa sababu kutoka lango moja hadi jingine kunaweza kukumaliza pumzi.

Meli kubwa ya kawaida inachukua saa tano au tano na nusu hadi Naxos. Za mwendo kasi huchukua chini ya saa nne, ni ghali zaidi, na bahari ikichafuka zinarusha abiria. Chukua kubwa. Kaa nje kwenye sitaha, upande usio na upepo, ule mkate wako huku visiwa vinapita.

Sikiliza jinsi ya kushuka, kwani hapo ndipo wageni huchanganyikiwa. Ukipanda, sanduku lako unaliacha chini, kwenye rafu zenye majina ya visiwa. Weka kwenye rafu ya Naxos. Meli nyingi husimama Paros kwanza, kisiwa jirani, kwa hiyo usimfuate kila anayenyanyuka. Ukisikia Naxos imetangazwa, shuka mara moja hadi chini. Mtasimama humo gizagiza katikati ya malori, harufu ya dizeli, minyororo inagonga, halafu lango la nyuma linaanza kuteremka meli ikiwa bado inajigeuza, na mwanga mweupe unaingia wote kwa pamoja. Meli haikai bandarini ila dakika chache. Ukitoka tu, kushoto au kulia kulingana na ilivyofunga, utaona lango kubwa la marumaru limesimama peke yake juu ya kisiwa kidogo: hiyo ni Portara, mlango wa hekalu ambalo halikumalizika, la karne ya 6 kabla ya Kristo.

Stendi ya mabasi iko hapo hapo karibu na bandari. Nunua tiketi kwanza, kwenye ofisi au kibanda, ndipo upande. Basi la Agia Anna na Plaka hupita Agios Prokopios, na kiangazi huenda mara nyingi kwa siku. Ratiba zimeandikwa kwa saa 24. 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni.

Kukodi gari sikushauri kwa likizo nzima. Siku moja au mbili zinatosha. Huko wanaendesha upande wa kulia, barabara za mlimani ni nyembamba, na leseni ya nchi zetu hutakiwa iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa kila kona ziache kabisa.

Hatua ya 5: Ufukwe, na jinsi ya kuuzoea

Kutoka Agia Anna una fukwe tatu za kutembelea kwa miguu. Ya kijijini yenyewe ni ndogo na ina watoto wengi. Kaskazini ni Agios Prokopios, yenye mchanga wa chengachenga na maji ya kina kinachoongezeka upesi kidogo. Ndiyo iliyojikinga vizuri na meltemi. Kusini, ukipita Maragkas, unaanza Plaka, mchanga mmoja mrefu wa kilomita kadhaa. Ukizidi kwenda kusini ndipo watu wanapopungua, na ndipo utakapokuta pia wanaoogelea uchi. Ni desturi ya zamani ya sehemu hiyo. Ukiwa na familia, kaa upande wa kaskazini wa Plaka au ubaki kijijini. Ndugu wanaovaa mavazi ya kuogelea ya kujisitiri hawatasumbuliwa na mtu.

Upepo ukikaza, nenda ufukwe wa Mikri Vigla kwa basi utazame wanaoteleza juu ya maji kwa tiara na matanga. Siku hiyo huko si pa kuogelea.

Sasa haki yako. Fukwe zote Ugiriki ni mali ya umma. Hakuna mwenye mgahawa anayeweza kukuondoa kwa sababu hukukodi mwavuli wake. Kiangazi cha 2023 wakazi wa Paros, ng'ambo ya mlango wa bahari, waliandamana na mataulo yao wakidai mchanga uliokuwa umefunikwa na vitanda vya kukodi, na madai hayo yakasambaa hadi Naxos na visiwa vingine. Sheria ya 2024 ilikuja na masharti: asilimia 70 ya ufukwe ibaki bila vitanda, 85 kwenye maeneo ya hifadhi, na nafasi ya mita 4 iachwe kutoka kwenye maji. Kwa hiyo tandika kanga au kikoi chako bila wasiwasi. Na uichukue kweli hiyo kanga kutoka nyumbani: inakauka haraka, inafunika mabega ukiingia kanisani, na upepo wa mchana unapokupiga mchanga, hakuna kinachokinga uso vizuri zaidi.

Paka mafuta ya kujikinga na jua hata kama ngozi yako ni nyeusi tii. Meltemi hupoza mwili usihisi unavyoungua. Viatu vya majini vinafaa penye mawe, kwani kuna wale viumbe vya mviringo vyenye miiba myeusi ambao watu wa pwani mnawajua. Asubuhi, kabla ya saa nne, maji huwa kama kioo. Usiipoteze saa hiyo kitandani.

Dharura: piga 112. Walinzi wa pwani ni 108.

Hatua ya 6: Kula

Chakula cha mchana kiwe chepesi, cha jikoni kwako: nyanya, matango, jibini, mkate, zeituni. Cha usiku ndicho cha kukaa. Wenyeji hawafiki mgahawani kabla ya saa tatu usiku. Ukienda saa moja utakula na viti vitupu.

Samaki wa kuchoma huuzwa kwa kilo, na bei ya kwenye menyu ni ya kilo. Hivyo usiagize kwa jina tu. Nyanyuka, nenda kwenye barafu au mwombe mhudumu akufungulie droo ya friji jikoni, mchague pamoja, na umwombe aweke kwenye mizani mbele yako. Si utovu wa adabu; ndivyo wafanyavyo wenyewe. Tazama macho ya samaki na mashavu yake kama ungemtazama soko la Feri, Dar es Salaam. Aliyegandishwa hutakiwa kuandikwa hivyo kwenye menyu. Mkundaji, anayeitwa barbouni, ni mtamu sana akikaangwa. Gavros ni samaki wadogo mfano wa dagaa, wanakaangwa wakavu na kuliwa na limau, bei nafuu.

Pweza utawakuta wameanikwa kwenye kamba mbele ya mgahawa, mikono ikining'inia juani. Wavuvi wao huwapondaponda kwenye mwamba kulainisha nyama, kama ifanywavyo Unguja. Kisha huchomwa kwenye makaa, wakapakwa mafuta ya zeituni na siki. Mzoefu wa pweza wa nazi atamkuta mkavu mwanzoni, lakini moshi ule una ladha yake.

Asiyekula nguruwe awe macho: gyros na souvlaki, nyama za kuchoma za Kigiriki, zisizo na maelezo kwa kawaida ni nguruwe. Jifunze maneno haya: choirino nguruwe, kotopoulo kuku, moschari ng'ombe, arni kondoo, chtapodi pweza, kalamari ngisi. Nyama ya halali usiitegemee kijijini; samaki, maharage makubwa ya gigantes, mboga za horta na viazi vya kukaanga vya Naxos vinashibisha bila shida. Mkate unaoletwa mezani mara nyingi huingizwa kwenye bili.

Hatua ya 7: Maji, choo na utulivu wa mchana

Karatasi ya chooni haitupwi ndani ya choo. Mabomba ni membamba na yataziba. Kuna ndoo yenye kifuniko pembeni. Humo ndimo inamowekwa, na ndoo hutolewa kila siku. Asiyeweza bila maji abebe kikopo chake, kwani bomba la kujisafishia halipo vyumba vingi.

Maji ya bomba ni ya kuogea na kupikia. Ya kunywa nunua. Na yatumie kwa huruma. Kiangazi cha 2024 mabwawa makuu ya Naxos yalikauka, visima vya mashambani vikaingiwa na maji ya bahari, na wakulima wa viazi wakapata hasara. Kisiwa kililazimika kuleta mitambo ya kuondoa chumvi ili nyumba na mahoteli yapate maji. Mkulima aliyekosa maji ya shamba anamtazama mgeni anayeacha bomba la mvua likitiririka. Oga kwa muda mfupi, suuza mchanga miguuni kwa kikopo, usifuliwe mataulo kila siku.

Kuanzia saa tisa alasiri hadi kumi na moja na nusu ni saa za kimya. Watu wamelala. Usipige muziki, usimpigie mwenye nyumba simu kuuliza kitu kinachoweza kusubiri, na watoto wacheze ufukweni, siyo uani. Salamu zinathaminiwa: kalimera asubuhi, kalispera jioni, efcharisto kwa shukrani. Mtu akiinua kidevu na kutoa sauti ndogo ya ulimi, amekataa.

Chaji: soketi ni za pini mbili za mviringo, plagi zetu za pini tatu haziingii. Pesa taslimu ziwepo kidogo, ingawa kadi hupokelewa karibu kila mahali. Mashine ya pesa ikikuuliza ulipishwe kwa sarafu ya nyumbani, chagua yuro.

Hatua ya 8: Siku ya upepo, panda mlimani

Weka siku hii bila tarehe, uisubiri. Bahari ikichafuka, chukua basi au gari ulilokodi, nenda Chalki, kijiji cha mizeituni mizee ambako hutengenezwa kitron, kileo cha majani ya mti wa jamii ya ndimu. Karibu na hapo, chini ya kijiji cha Moni, kuna kanisa la mawe la Panagia Drosiani, moja ya makanisa ya kale zaidi ya kisiwa, lenye michoro ya ukutani ya karne nyingi. Ndani ni dogo na baridi. Subiri macho yazoee giza ndipo sura za watakatifu zitokeze. Endelea hadi Apeiranthos, vichochoro vyake vimesakafiwa kwa marumaru, utembee taratibu.

Hatua ya 9: Kurudi

Usipange meli na ndege siku moja. Upepo ukifika kiwango kikubwa mamlaka ya bandari huzuia meli kuondoka, na hakuna pesa wala maneno yatakayokuvusha. Rudi Athens siku moja kabla ya ndege, siku mbili kama ni Agosti, na ulale Piraeus au karibu na njia ya buluu ya treni. Meli ikizuiwa una haki ya kurudishiwa nauli au kupewa safari nyingine, kwa hiyo hifadhi tiketi na umpigie mwenye nyumba mapema. Mara nyingi chumba chako bado kitakuwa wazi. Siku ya kuondoka fika bandarini nusu saa kabla, ukae upande wa kivuli, na sanduku safari hii liweke kwenye rafu ya Piraeus.